Vidole vya mtoto aliyefungwa gango vitazamwe usiku

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya msomaji aliyetaka mafundi wa mifupa wa kienyeji wakamatwe wote. Wiki iliyofuata ukachapa ya mwingine aliyemjibu kwamba hospitali kazi yao kukata watu miguu na mikono, kwa hiyo bora fundi. Nimezisoma zote mbili, nikazirudia. Mimi ni binti wa fundi wa mifupa. Ni mwalimu mstaafu pia, niliyefundisha Sayansi katika shule za msingi hapa Tanga kwa miaka 31. Tena nina mjukuu ambaye vidole vya mkono wake wa kulia havitanyooka tena. Nina la kuwaambia ndugu hao wawili.

Baba yangu aliishi Tongoni, njia ya Pangani, mwendo mfupi kutoka magofuni. Riziki yake ilikuwa bahari, alitega madema, lakini watu walimjua kwa mifupa. Waliletwa kwa baiskeli na mikokoteni, na mara moja namkumbuka mzee aliyeletwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba zake. Pale nyumbani mimi ndiye mtoto ambaye sikukimbia kilio, basi kazi ya kushika mabega ya mgonjwa ikawa yangu tangu nina miaka kumi. Baba hakuanza kwa kuvuta. Alipaka viganja mafuta ya nazi ya vuguvugu, akafumba macho, akapapasa polepole akitafuta mahali panapolia. Mfupa uliovunjika una mlio ukiusogeza, kama chumvi ya mawe inavyosagika chini ya kidole. Akishapajua alivuta mara moja, akanyoosha, akafunga. Gango alilisuka mwenyewe kwa chelewa alizozikuna zikalainika, akazipanga kama jamvi dogo na kuziunga kwa nyuzi za katani. Hakuwa na bei. Aliyeweza alileta jogoo au pishi ya mchele, asiyeweza aliacha ahadi.

Lililomtofautisha na mafundi wengi niliokuja kuwaona baadaye lilikuwa moja tu. Mgonjwa aliyefungwa leo hakuruhusiwa kwenda kwao leo. Alilala barazani kwetu usiku mbili. Baada ya sala ya Isha, na tena kabla ya Alfajiri, baba alichukua kandili akapita kwa kila aliyefungwa, akamminya ukucha mpaka ukawa mweupe, akauachia, akatazama wekundu unavyorudi. Ukirudi upesi alikwenda kulala. Ukichelewa, au vidole vikiwa vya baridi, au mgonjwa akilia anaponyooshwa kidole kimoja tu, aliamsha watu, akakata nyuzi zote za katani palepale, hata kama mfupa ungehama. Alisema vidole ndio mashahidi wake. Alikuwa hajui kusoma wala kuandika, na katika hili hakuna daktari niliyekutana naye aliyepingana naye.

Sitamsifu kwa yote. Kaka yangu mkubwa alikuwa mkwezi. Mwaka 1983 aliteleza kwenye mnazi asubuhi ya manyunyu, akaanguka na kuvunjika paja. Baba alimfunga mwenyewe. Siku ileile alikamata koo mmoja, akamvunja mguu na kumfunga gango dogo mfano wa lile la kaka. Ndiyo ilikuwa kalenda yake na ya mafundi wenzake: kuku akisimama na kutembea, mgonjwa naye hufunguliwa. Kuku alitembea siku ya ishirini na moja. Baba aliongeza wiki mbili kwa tahadhari, akamfungua kaka na kumwambia akanyage. Paja likajikunja mbele ya macho ya mama. Vipande viwili vya mfupa vilikuwa vimepandana, na baadaye vikaungana hivyohivyo. Mguu ule mpaka leo ni mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole vitatu. Kaka hakukwea tena mnazi, na mke wake ndiye aliyelisha watoto sita kwa kusuka makuti. Baba hakumzungumzia kuku yule tena, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Nimekuja kuelewa kosa lilikuwa wapi. Mguu mwembamba wa kuku huunga kwa wiki tatu hivi. Mkono wa mtoto hauko mbali na hapo, wiki tatu hadi sita. Paja la mtu mzima linataka miezi mitatu, mara nyingi hadi sita. Basi kalenda ya kuku haikumwangusha sana baba kwa watoto, na wengi walioletwa kwake walikuwa watoto walioanguka miembeni. Sifa yake ilijengwa juu ya mifupa ambayo yenyewe ina haraka ya kupona. Nayasema haya si kumvunjia heshima marehemu. Nayasema kwa sababu msomaji wako anayewatetea mafundi atakuwa ameona watoto wengi waliopona kweli, na anafikiri yaliyomponya mtoto wa miaka saba yatamponya dereva wa bodaboda wa miaka thelathini.

Nami kama mwalimu nina deni. Kila mwaka nilichora mifupa ubaoni, nikawaambia wanafunzi kuwa mtu mzima ana mifupa 206, na mrefu kuliko yote ni wa paja. Walikariri, wakajibu mtihani, wakapata vema. Sikumbuki hata siku moja kuwaambia kuwa mfupa una damu. Walitoka darasani wakidhani mfupa ni boriti iliyozibwa kwa nyama. Mfupa ni hai. Ukivunjika unavuja damu, na paja peke yake laweza kuficha zaidi ya lita moja ndani bila tone kuonekana nje, ndiyo maana mtu hufa njiani na waliombeba wakashangaa kuwa hakuwa hata na jeraha. Damu ile huganda pale palipovunjika, na ndani ya lile bonge huanza kazi. Wiki mbili tatu linakuwa gegedu laini linaloshikilia vipande. Kisha chokaa ya mwili huingia, likakakamaa, ukipapasa unasikia nundu. Baada ya hapo mwili huichonga nundu ile kwa miezi na miaka, kama seremala anayepiga randa, na kwa mtoto mara nyingi hata alama haibaki. Si fundi anayeuunga mfupa, wala si daktari. Wote wawili kazi yao ni kuvielekeza vipande vitazamane, kuvituliza visicheze, na kuiacha damu ipite. Hilo la mwisho ndilo lililomponza mjukuu wangu.

Ilikuwa Desemba 2021, likizo, na maembe yameiva. Mtoto alikuwa na miaka tisa, ametoka darasa la tatu. Alhamisi baada ya Adhuhuri aliangukia mkono aliounyoosha mbele kama watoto wote wanavyoanguka, na kiwiko kikavimba palepale. Baba yake yuko Dar es Salaam kikazi, mtoto nalea mimi Makorora. Jirani akasema kuna fundi njia ya Pangani, mkono wake mwepesi. Nilijua barabara ya kwenda hospitali. Nilikuwa na pesa ya bajaji. Nilikwenda kwa fundi kwa sababu nilikuwa binti wa fundi, na moyoni nilihisi kama nampeleka mtoto kwa baba yangu.

Fundi yule sitamtaja. Alinipokea kwa heshima, akanisalimu shikamoo, akasema ni fahari kwake kumfunga kitukuu wa mzee. Alivuta, akafunga kwa mianzi na katani, akakaza kuanzia kwapani hadi kwenye kifundo cha mkono, kisha akazungushia kitambaa kikafunika na vidole. Akasema turudi baada ya siku saba. Mkono nikauweka kwenye kanga shingoni mwa mtoto, tukarudi mjini.

Usiku wa kwanza alilia. Nilimpa panadol. Nilimpigia fundi, akasema ni mfupa unajishika, maumivu ni dalili njema. Ijumaa mchana alilia zaidi, akaniambia, "Bibi, vidole vinawaka moto." Nilimwambia avumilie. Usiku wa Ijumaa kilio kikapungua, kisha kikaisha. Nikamuuliza, "Mume wangu, umepata nafuu?" Akasema hausikii mkono. Alilala, na mimi nikamshukuru Mungu nikalala. Nimefundisha milango ya fahamu miaka 31, na mtoto ananiambia hausikii mkono wake, na mimi nikashukuru.

Jumamosi asubuhi nilifunua kile kitambaa kumfuta jasho, nikaona malengelenge na vidole vya rangi ya zambarau. Niliminya ukucha. Ulikuwa haubadiliki. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba na kandili yake, saa arobaini na kitu zikiwa zimepita.

Hospitalini muuguzi hakunikaripia, akachukua mkasi na kukata kila kitu akiwa bado anatembea nasi ukumbini. Walimpasua asubuhi ileile, wakaufungua mkono kwa chale ndefu kutoa shinikizo. Daktari alinieleza baadaye kwa utaratibu, na nilimwomba arudie ili nami niweze kuwaeleza wengine. Misuli ya mkono iko ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Mbele ya kiwiko hupita mshipa mkubwa unaolisha kitanga chote. Kiwiko kikivunjika, ndani kunavimba, na nje kuna gango linalozuia uvimbe usitoke. Mishipa inayorudisha damu ni laini, ndiyo inayobanwa kwanza. Damu inaingia, haitoki, shinikizo linapanda mpaka hata ya kuingia inakwama. Msuli ukikosa damu kwa saa sita hivi huanza kufa, na uliokufa haurudi. Hukauka na kufupika kama ngozi ya ngoma, ukavivuta vidole vikajikunja moja kwa moja. Ulemavu huu una jina la Richard von Volkmann, daktari wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1881. Mashine ya eksirei ilikuwa bado: mionzi yenyewe iligunduliwa mwaka 1895. Jambo ambalo dunia inalijua kwa zaidi ya miaka 140, na baba yangu alilijua kwa kandili, lilimpita mjukuu wangu kati ya mikono ya watu wawili waliompenda.

Mfupa wenyewe ulipona. Uliungana vizuri kwa muda wake na ukimpiga picha leo hutaona kasoro ya kutisha. Mtu akisikia "alivunjika mkono" hufikiri mfupa ndio habari yote.

Mhariri, naomba uniruhusu nieleze maisha ya mkono uliokunjika, maana barua zile mbili zilizungumza juu ya kukamatwa na kukatwa, hakuna iliyozungumza juu ya kuishi. Mkono wa mtoto huyu umebaki kama umeshika yai. Hafungi vifungo vya shati la shule, alijifunza kuvivuta kwa meno. Ndoo anaibeba kwa kiwiko. Baiskeli, na mji wetu huu kila mtoto anataka baiskeli, hakuweza kuipanda mpaka fundi baiskeli mmoja wa Ngamiani alipohamishia breki zote mbili kushoto bila kudai hata shilingi. Kuandika alianza upya kwa mkono wa kushoto akiwa darasa la nne, na mwalimu wake alikaa naye jioni akimshika kalamu kama mtoto wa awali. Mwaka jana katika mtihani wa darasa la saba alisiliba majibu kwa kushoto, akamaliza kwa wakati. Mwaka huu ameingia kidato cha kwanza.

Kubwa kuliko yote lilikuwa sinia. Sisi ni watu wa pwani, tunakula kwa mkono wa kulia na tunakula pamoja. Maulidi ya kwanza baada ya ajali alikaa na wenzake kwenye sinia la pilau, akanyoosha mkono wa kushoto, na mtoto mmoja akasema kwa sauti kuwa yeye hali na mtu anayekula kwa mkono wa chooni. Aliinuka akaja kukaa nyuma yangu, hakula. Kwa miezi mingi alikula peke yake jikoni kwa kijiko, akigeukia ukuta. Nilikwenda kwa ustadhi wa madrasa yake. Ustadhi alinisikiliza, na Alhamisi iliyofuata aliagiza chakula madrasani, akamkalisha mjukuu wangu ubavuni pake, akawaeleza watoto wote kuwa mwenye udhuru Mungu amemruhusu, kisha akatia mkono katika sinia lilelile. Tangu siku hiyo anakula na watu. Nalitaja hili kwa sababu hakuna hospitali inayoweza kulitibu, na linaweza kutibiwa na mtu mmoja mwenye heshima mtaani kwa mlo mmoja.

Sasa narudi kwa yule msomaji anayesema hospitali inakata watu. Ndugu yangu, siku nilizolala wodini na mjukuu wangu, kitanda cha pili alikuwepo kijana aliyekatwa mguu chini ya goti. Alivunjika muundi, ngozi ikapasuka, mfupa ukachungulia. Walimpaka dawa za majani, wakamfunga, wakakaa naye siku kumi. Alipoletwa, mguu ulikuwa umeoza na homa imempanda kichwani. Daktari alikata kilichokwisha kufa ili kuokoa kilichobaki. Mtaani kwao watu waliona ameingia hospitali na miguu miwili na kutoka na mmoja, na mwingine akivunjika kesho watasema asipelekwe kule wanakokata. Atapelekwa kwa fundi, atacheleweshwa, ataoza, atakatwa. Hofu yenyewe ndiyo inayozaa kile inachokihofia. Mfupa uliotoboa ngozi hautaki mkono wa mtu yeyote nyumbani. Funika kwa kitambaa safi, egemeza mguu kwa ubao au mto usicheze, mkimbizeni. Dawa ya kuzuia usaha inatakiwa mapema, kwa saa si kwa siku, na sindano ya pepopunda pia.

Na kwa yule anayetaka mafundi wakamatwe: utawakamata wangapi, na mgonjwa wa kijiji cha mbali usiku wa mvua utamwambia aende wapi? Watu hawaendi kwa fundi kwa ujinga tu. Fundi yupo. Fundi anakubali kulipwa kidogokidogo. Fundi hakuulizi PF3, ile fomu ya polisi, wakati waliopata ajali barabarani wengi huanzia kituo cha polisi kutafuta karatasi huku mtu anavuja damu kwa ndani (mimi naona mgonjwa atangulie hospitali, karatasi imfuate). Halafu kuna miezi. Zamani paja lililovunjika lilimaanisha kulazwa wiki nyingi mguu ukiwa umevutwa kwa mawe, na mama yetu mwaka ule wa 1983 aliuliza swali moja tu: nani atampelekea chakula kila siku kutoka Tongoni? Ndiyo sababu kaka alifungwa nyumbani. Siku hizi kuna chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya mfupa, katikati kwenye uboho, na mtu anasimama na magongo baada ya siku chache, anarudi kwake. Kuna taasisi ya Kimarekani inayoitwa SIGN, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, inayotengeneza chuma cha aina hiyo mahususi kwa hospitali za nchi kama zetu, kinachoweza kuwekwa hata pasipo mashine ya eksirei chumbani mwa upasuaji. Kimetumika hapa Tanzania, pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kaka yangu aliponisikia nikisoma habari hiyo alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama chuma hicho kingeweza kuingia katika mguu wake. Nilimwambia kuwa hilo ni la daktari kumtazama. Ana miaka 67.

Wazee wetu nao wasisahauliwe. Bibi akianguka bafuni akashindwa kunyanyua mguu, na mguu ukaonekana mfupi umegeukia nje, hiyo ni nyonga, si "uchovu wa uzee". Akiachwa kitandani kinachomuua si mfupa bali vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni.

Ninaloliomba si kubwa. Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, na ina Baraza linalosajili waganga, na halmashauri zina waratibu wa tiba asili. Waratibu hao wawakusanye mafundi wa mifupa wa Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga kwa siku moja, wakae na madaktari wa mifupa meza moja. Ethiopia walifanya hivyo: madaktari waliwafundisha mafundi wa kienyeji kwa siku moja tu, na waliokatwa viungo kwa sababu ya gango wakapungua. Wafundishwe kuacha vidole wazi. Wafundishwe kutokaza siku za mwanzo, maana uvimbe bado unakuja, na kulaza mgonjwa karibu au kumpa ndugu yake kazi ya kutazama vidole usiku. Kiwiko cha mtoto na mfupa uliotoboa ngozi wasiviguse kabisa, wavipeleke hospitali wao wenyewe, na wakifika nao wapokewe kwa salamu. Fundi aliyeleta mgonjwa kwa wakati akakaripiwa mbele ya watu hataleta wa pili. Na wauguzi wanajua kwamba hogo la hospitali, ile plasta ngumu ya piopii, nalo laweza kubana vilevile. Mzazi aliyerudishwa nyumbani na mtoto mwenye piopii aambiwe wazi, kabla hajatoka mlangoni, kwamba maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikifa ganzi, vikipoa, vikibadilika rangi, au mtoto akilia ukimnyoosha kidole, arudi saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Na aliyelia kutwa akinyamaza ghafla, mtazameni kwanza kabla ya kushukuru.

Fundi aliyemfunga mjukuu wangu alikuja Makorora mwezi wa pili baada ya ajali. Aliuona mkono, akakaa chini sakafuni, akalia. Hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote aliyefanya kama baba yangu. Aliyemrithisha kazi hakuwa na kandili. Nilimwonyesha ukucha: minya, achia, tazama. Aliufanya kwangu, akaufanya kwa mtoto, akaufanya kwake mwenyewe mara nyingi. Tangu hapo amenipigia simu mara nne usiku kuniuliza juu ya vidole vya wagonjwa wake, na mara mbili kati ya hizo alikata gango akampeleka mtu hospitali mwenyewe.

Nyumba yangu ina baraza pana na mikeka ipo. Mratibu yeyote wa tiba asili akitaka mahali pa kuwakutanisha mafundi na madaktari, naitoa bure, na chai nitapika mimi. Mjukuu wangu nimemuuliza kama atakubali kuufunua mkono wake mbele ya watu wauone. Amesema atakubali, ila iwe Jumamosi, maana Jumapili ana mechi ya shule, na yeye ndiye winga wa kushoto.

Mwalimu mstaafu,
Makorora, Tanga